Kisanduku cha Raha na Mtu wa Njiani

Ilikuwepo nchi, jina lake halina haja, ambayo watu wake walikuwa na raha kwa mujibu wa sheria. Sheria yenyewe ilikuwa fupi: kila raia atakuwa na raha, na asiye nayo ataeleza sababu. Wengi hawakuwa na sababu ya kuwatosha wakubwa, basi wakawa na raha.

Katika nchi hiyo, mtaa wa Kisimani, alikaa mjane mmoja, Bi Kidawa, mwanamke wa taratibu, mwenye kupenda vitu vyake vikae mahali pake. Alikaa na mkwewe Mwatumu, mke wa mwanawe wa pekee, na shemeji yake Mzee Ngwali, mdogo wa marehemu mumewe, mtu wa maneno mengi na meno machache. Hao ndio waliokuwa wakilala chini ya bati lile. Lakini ungemuuliza Bi Kidawa, "Mko wangapi hapa?" angekujibu, "Wanne."

Hakuwa mwongo. Ndivyo walivyohesabu watu wa Kisimani tangu mababu zao: unahesabu waliopo, halafu unamwongeza mtu wa njiani. Kuhesabu waliokaa mkekani peke yao, kwao ilikuwa sawa na kushusha komeo wakati mwenzio bado yuko nje. Kwa hiyo kila nyumba ilipakua sahani moja ya ziada, ikaifunika kawa, ikaiweka karibu na mlango. Akipita mgeni, atakula. Akishakula ataiosha sahani: kama anakwenda moja kwa moja, ataifudikiza kizingitini, kama ananuia kurudi, ataiacha chali, mdomo juu. Na asipopita mtu, kiporo kile asubuhi walipewa kuku, au alikila Mzee Ngwali, ambaye aliamka mapema kuliko kuku.

Kwa Bi Kidawa, mtu wa njiani alikuwa na jina. Aliitwa Mshamu, mwanawe, fundi redio mwenye kovu la lehemu kwenye kidole gumba. Redio zilizopita mikononi mwake zilikuwa na ila moja tu: zilishika na stesheni za nchi jirani, ambako raha haikuwa ya lazima. Sasa raia wa nchi ile walisifika sana kwa kupenda kusafiri. Walisafiri bila kuaga, bila mizigo, wengine bila viatu, na serikali kwa ukarimu wake iliwapelekea gari mpaka mlangoni. Gari la Mshamu lilikuja mara mbili likamkosa. Hapo ndipo Bi Kidawa alipojua kwamba mwanawe amesafiri kwa miguu yake mwenyewe, akashukuru Mungu.

Kisha mchuuzi wa vitunguu, aliyekuwa akipita mpakani na punda wake, alisimama mlangoni akijifanya kupunguza bei, akanong'ona: "Anasema mvua zikikatika. Na anasema, mama usiniondolee sahani."

*

Mvua zilikuwa bado zinanyesha pale Waziri wa Raha za Majumbani, Mheshimiwa Sana Kabisa, aliposimama uwanjani chini ya miavuli ya watu wengine, akahutubia.

"Ndugu wananchi! Waya ni nini? Waya ni kamba! Na kamba hufungwa nani? Mbuzi! Je, ninyi ni mbuzi?"

Watu wakanyamaza, kwa kuwa jibu lilikuwa halijaagizwa.

"Si mbuzi!" akajijibu Waziri, na makofi yakapigwa. "Kuanzia leo, burudani itawafikia hewani, bila waya, kama pumzi. Na pumzi, kama mjuavyo, ni mali ya serikali!"

Redio za zamani, televisheni zenye mgongo, na vinanda vya santuri vya mabibi vikakusanywa uwanjani na kuchomwa kwa heshima zote, bendi ikipiga. Halafu kila kaya ikaitwa bandani kuchagua kisanduku chake. Uchaguzi ulikuwa huru na hapana aliyeruhusiwa kuukosa.

Visanduku vilikuwa vya aina tatu: Shangwe, chekundu, Utulivu, cha buluu, na Hiari, cha kijani. Vyote vilikuwa na ukubwa wa tofali, vyote vilikuwa na matundu madogo mbele kama ya kikaango cha vitumbua, na juu vyote vilikuwa na jicho moja la kioo lisilopepesa.

"Bwana," Mzee Ngwali alimwambia mgawaji, "tofauti yao nini?"

"Hiki chekundu, mzee. Kile cha buluu."

"Hilo naliona, sijawa kipofu. Nauliza ndani."

"Ndani ni mambo ya kiwandani."

"Sasa mimi nitachaguaje?"

"Kwa uhuru, mzee. Harakisha, wenzio wanangoja uhuru wao."

Mwuza maandazi aliyekuwa mbele yao alisema yeye hahitaji, ana kasuku nyumbani na anamtosha. Alisafiri jioni ile ile, na kasuku wake pia.

Bi Kidawa akachagua cha buluu. Kilifanana na ua la ukingoni mwa sahani zake za bati, na kama ni lazima kitu kikutazame unapokula, alisema, basi na kilandane na vyombo.

*

Kusimika hakukuruhusiwa kufanywa na mwenye nyumba, asije akajiumiza kwa raha. Akaja Afisa Msimikaji, Bwana Ndimangwa, mtu mrefu mwenye glavu nyeupe na harufu ya sabuni ya hospitali. Alivua viatu mlangoni, jambo lililomfurahisha Bi Kidawa, akatazama kila pembe.

"Bibi, mnapokuwa na mazungumzo, mnakaa wapi?"

"Mazungumzo ya nini, baba?"

"Kwa jumla."

"Hapo mkekani, tunapolia chakula."

"Basi kitakaa hapo juu yenu. Na mkitaka kunong'ona?"

"Hatunong'oni, baba," alidakia Mzee Ngwali. "Mimi sina meno ya kunong'onea."

Afisa akapigilia rafu ndogo ukutani, akakiweka kisanduku, jicho likatazama mkeka. Akaeleza kwamba ili kiushike mtandao wa hewani lazima kiambiwe neno la siri. Neno la siri lilikuwa moja kwa nchi nzima, watu wasichanganyikiwe, na lilikuwa limebandikwa kwenye kila nguzo mtaani kwa herufi kubwa. Ila mwenye nyumba alipaswa kulisema mwenyewe, kwa sauti, mlango ukiwa wazi. Bi Kidawa akasema, "Asante Baba Mlezi." Kisanduku kikapiga mluzi mwembamba, jicho likawaka.

"Na kitufe cha kuzimia kiko wapi?" aliuliza Mwatumu.

Bwana Ndimangwa alimtazama kwa huruma. "Raha haizimwi, dada."

Ndipo sauti ya mwanamke, tamu kama ya mtu anayekuuzia kitu, ikatoka kwenye matundu: "Karibuni katika raha. Nyumba hii ina watu wangapi?"

Bi Kidawa alikuwa amekaa kwenye mbuzi, anakuna nazi, akili yake iko kwenye kisamvu. Akajibu kama alivyojibu maisha yake yote.

"Wanne."

"Nimesikia. Kila mmoja aseme jina lake, kisha acheke kidogo."

Bi Kidawa akasema jina lake, akacheka kama mtu anayefukuza nzi. Mwatumu akacheka akitazama chini. Mzee Ngwali akacheka mpaka akakohoa, kisanduku kikamwambia yatosha. Kikangoja. Nyumba nzima ikakisikia kinavyongoja.

"Mmoja bado," kikasema.

Bwana Ndimangwa akageuka polepole. "Wa nne yuko wapi?"

"Yuko njiani, baba," alisema Bi Kidawa.

Afisa akaiona sahani mlangoni chini ya kawa. Akalifunua kawa kwa kidole kimoja cha glavu. Chakula kilikuwa bado kinafuka moshi.

"Njia ipi?"

Hapo Bi Kidawa akafahamu alichokifanya. Mkono wake ulisimama juu ya nazi. Kusema hakuna mtu wa nne, atakuwa ameidanganya raha ya taifa. Kumtaja, ni kumwitia gari kwa mara ya tatu.

"Njia yoyote," alisema. "Sisi huku ndivyo tunavyohesabu. Njia ni njia, baba."

"Nimesikia," kikasema kisanduku, ingawa hakuna aliyekiuliza.

*

Mwanzoni ilikuwa kero tu. Kisanduku kilipiga taarabu jioni, tena nzuri, vinanda vikilia, na kila wimbo ulipofika pale penye utamu, pale Mzee Ngwali alipofumba macho na kunyoosha shingo, ulikatika. "Mmoja bado." Kisha kimya. Kisha wimbo unaanza upya.

"Shemeji," alisema Mzee Ngwali, machozi yakimlenga, "bora wangenipiga viboko."

Haikuwa kwao pekee. Kisimani nzima walikuwa wamejibu kama walivyozoea kujibu, na jioni ukipita kichochoroni ungesikia nyumba moja baada ya nyingine: mmoja bado, mmoja bado, mmoja bado.

Huko makao makuu wataalamu walijumlisha. Wakajumlisha tena, wakaogopa. Kumbe katika mtaa mmoja tu kuna watu tele waliojificha, wanaopikiwa na kupakuliwa, na hapana hata mmoja aliyewahi kucheka mbele ya serikali! Waziri akasikika kwenye visanduku vyote kwa wakati mmoja.

"Ndugu wananchi, tumegundua jeshi. Jeshi lisiloonekana! Linalala mchana, linakula usiku, na makazi yake ni njiani. Nami natangaza: kuanzia sasa, mtu yeyote atakayekutwa njiani ataeleza kwa nini hayupo alikotoka, wala hajafika anakokwenda!"

Wengi walishindwa kueleza. Askari wakawekwa kwenye barabara, vichochoro, na hata njia za mbuzi. Waliokwenda kisimani walikamatwa na ndoo zao. Mchuuzi wa vitunguu naye akasafiri, akamwacha punda wake amesimama peke yake katikati ya njia panda, na punda naye akahojiwa.

Mvua zikaanza kupungua. Bi Kidawa alizisikiliza kwenye bati kila siku, na kila siku zilikuwa nyepesi zaidi.

Walijifunza kusemezana wakati wa kukuna nazi, kwani mbuzi ilikwaruza kwa kelele na kisanduku kilikuwa hakijaijua sauti hiyo. Walikula vyakula vya nazi mpaka matumbo yakawakataa.

"Mama, atakuja," alinong'ona Mwatumu, kichwa karibu na cha mkwewe. "Namjua. Akisema mvua zikikatika, atakuja hata kwa kutambaa. Na njia zote zimejaa askari."

"Kwa mdomo wangu mimi."

"Si mdomo wako, mama. Ni mazoea."

"Mazoea yana mdomo wa nani, mwanangu? Endelea kukuna."

Mzee Ngwali akainamia mbuzi naye. "Kiambie kilisikia vibaya."

"Wewe! Kitu cha serikali kitasikiaje vibaya?"

"Basi kiambie umehesabu vibaya. Wewe mzee, shemeji. Wazee tunaruhusiwa upuuzi."

Bi Kidawa akafuta mikono kwenye kanga, akasimama chini ya jicho. Tangu azaliwe hakuwahi kuitaja hesabu hiyo.

"Wewe humo," alisema. "Nilikosea. Tuko watatu."

Jicho likawaka.

"Nimesikia," kikasema kwa utamu. "Wa nne mmempeleka wapi?"

*

Serikali haikuwapata watu waliojificha, na haikuzoea kukosa. Ikaamua kwamba kama watu hawapatikani, watapelekwa. Mpango ukaitwa Kukamilisha Kaya, na Waziri akautolea hotuba ndefu kuliko mpango wenyewe. "Hakuna familia itakayopungukiwa mtu katika utawala wetu!" alisema, na wanawake ambao waume zao walikuwa wamesafiri walitakiwa kupiga vigelegele.

Malori yakaja Kisimani. Kila nyumba ilishushiwa mtu mmoja.

Nyumbani kwa Bi Kidawa alishushwa mwanamume wa makamo, mabega mapana, koti limembana, godoro limekunjwa begani. Bwana Ndimangwa alimtanguliza mlangoni kwa kumgusa mgongo.

"Bibi, huyu ndiye Wa Nne."

"Karibu, baba," alisema Bi Kidawa, kwa kuwa hakuna neno jingine la kumwambia mtu aliyesimama mlangoni.

Wa Nne alisema jina lake kwenye kisanduku na akacheka kidogo, kicheko kikavu cha mtu aliyefundishwa. Jicho likawaka kijani.

"Familia imekamilika," kikasema.

"Na ile sahani ya mlangoni," Bwana Ndimangwa alisema akivaa viatu, "haina kazi tena. Hesabu imetimia. Wa Nne ataangalia, na asipoangalia, kisanduku kitaangalia, na visipoangalia vyote viwili, nitaangalia mimi."

Mgeni akaketi mahali pa Mshamu, akapewa sahani ya Mshamu. Taarabu ikapigwa kuanzia mwanzo mpaka mwisho bila kukatika, kwa mara ya kwanza, na Mzee Ngwali alipofikiwa na utamu ule aliokuwa akiulilia, akainuka akaenda kukaa chooni mpaka wimbo ulipokwisha.

Mwatumu hakuinua macho. Wa Nne alikula haraka, kisha akaanza kula polepole, kisha akaacha. Baadaye, Bi Kidawa alipokaa kukuna nazi, alikuja kuchutama karibu, akaitazama mbuzi, akaielewa.

"Mama," alisema chini ya kelele, "nimekaa mahali pa nani?"

"Mahali pako, baba. Si umeletwa?"

"Mimi nina mama, kule ziwani. Nilikuwa natoka sokoni na samaki wangu, wakaniuliza kwa nini nipo njiani." Akaitazama mbuzi tena. "Na yeye sijui wamempelekea nani."

Bi Kidawa akamwangalia vizuri kwa mara ya kwanza. Kifungo cha koti lake kilikuwa kimeshonwa kwa uzi wa nyavu. Aliendelea kukuna mpaka kifuu kikabaki kitupu, akaendelea kukwaruza kifuu.

*

Mvua zilikatika. Siku ya kwanza bati lilinyamaza, na Bi Kidawa hakula.

Jioni yake, watu wanne wamekaa mkekani, kisanduku kinaimba juu yao, mlango ukagongwa. Ukagongwa mara mbili, ukatulia, ukakwaruzwa kwa ukucha. Hivyo ndivyo Mshamu alivyogonga tangu ana kimo cha meza, na hakuna mwingine aliyegonga hivyo.

Mwatumu akaziba mdomo kwa upande wa kanga.

Wimbo ukakatika. "Nani yuko mlangoni?" kikauliza kisanduku.

Bi Kidawa alisimama. Sahani ya mlangoni haikuwapo, ilishaondolewa. Akachukua ya kwake, hajaigusa, wali na mchuzi wa papa, akaenda mlangoni, akaufungua kiasi cha mkono kupita.

"Mwombaji," alisema.

"Jina lake?"

"Mwombaji hana jina."

"Acheke kidogo," kikasema kisanduku.

Nje, kimya. Mshamu alikuwa fundi. Alijua kitu kama kile kinataka nini kwa mtu. Mkono uliingia kwenye ule upenyo, umekonda, umepauka kwa vumbi, na kovu la lehemu kwenye kidole gumba. Ukaishika sahani. Bi Kidawa hakuiachia. Vidole vyao viligusana chini ya sahani ile ya moto.

"Acheke kidogo," kikarudia kisanduku, na utamu wake ulikuwa umepungua.

Ndipo Wa Nne akasema, akiwa palepale mkekani, macho kwenye mkono ule:

"Ameshaenda."

Kisanduku kikangoja. Bi Kidawa akajua zamu iliyobaki ni yake, na kwamba maneno hayo hayajapata kusemwa Kisimani. Akayasema kwa sauti, mdomo karibu na upenyo, kisanduku kisikie na aliye nje asikie.

"Hapa tumetimia. Hakuna anayengojewa."

Akaiachia sahani. Mkono ukatoka. Akafunga mlango, akashusha komeo, na mlio wa komeo lile aliusikia kwenye meno yake.

Wimbo ukaendelea.

*

Alfajiri aliamka kabla ya kuku na kabla ya Mzee Ngwali. Alikaa kitandani muda mrefu akiogopa kizingiti chake mwenyewe. Kama sahani imefudikizwa, basi mwanawe amemwamini, amekwenda moja kwa moja, hatarudi tena.

Akafungua.

Sahani ilikuwa imeoshwa, ua lake la buluu linang'aa. Ilikuwa chali, mdomo juu, na ndani yake matone machache ya maji yalikuwa hayajakauka.

Jioni Bi Kidawa alipika kisamvu. Hakukuna nazi, hakuwa na neno la kuficha. Akapakua ya Mwatumu, akapakua ya Mzee Ngwali, akapakua ya mwana wa yule mama wa ziwani, akajipakulia yeye. Kisha akapakua ya tano, akaifunika kawa, akaiweka karibu na mlango. Halafu akaenda mlangoni akapandisha komeo.

Mzee Ngwali alitazama kawa, akatazama kisanduku. "Shemeji," alisema, "leo tena hatutaumaliza wimbo."

"Hatutaumaliza."

"Basi Mungu wangu, na ukatike."

Wa Nne aliinua macho, akashusha, akasogea kidogo mkekani, kama mtu anayempisha mwingine akae.

Jicho la kioo lilitazama mkeka, likatazama mlango. Likahesabu sahani: tano. Vinanda vikakatika pale pale penye utamu.

"Mmoja bado," kikasema kisanduku.

Na kimya kilipotanda, wakasikia cha nyumba ya pili kikisema vilevile, na cha nyumba iliyofuata, na cha ng'ambo ya kichochoro, mpaka kule mwisho wa mtaa kwenye nguzo yenye neno la siri, ambako gari la serikali lilikuwa limeegeshwa, na ambako mtu fulani mwenye glavu nyeupe alikuwa ndio kwanza anawasha taa.

Bi Kidawa akanawa mikono, akavuta sahani yake.

"Kuleni," alisema. "Kinapoa."